Unga wa Labo Juu ya Moshi

Shida yangu ilianza mwaka wa 1998, nikiwa na miaka ishirini na nane. Sitasema nani alinizaa wala kijiji gani kilinilea, maana hayo hayajanipikia chungu hata siku moja. Nilikuwa na mgahawa wa meza nne pale Beni, karibu na maegesho ya malori. Mwezi wa nane askari wapya wakaingia mjini, wakala siku tatu bila kulipa, siku ya nne wakabeba sufuria, viti, hata mlango. Nikafunga kitenge kiunoni, nikapanda kwa miguu hadi Butembo, siku mbili, nikilala Maboya kwa mama mmoja muuza ndizi. Butembo sikujua mtu. Kwenye hospitali ya misheni nilimkuta Docteur, mganga mkuu wa pale, amesimama uani, nikamwambia ukweli: sikusoma, lakini moto ninaujua. Akacheka. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kuujua moto. Labo yake, maabara ya kupimia wagonjwa, ilikuwa na chungu kikubwa cha kupikia kwa mvuke, kinachofungwa kwa vyuma, na mlinzi aliyekuwa akikiangalia alikuwa amekiunguza mara mbili. Ndivyo nilivyoingia kwa Papa Kasereka, mzee wa labo ile.

Mwezi uliopita binti yake, Masika, alinipigia simu kutoka Beni. «Mama Kavira, Papa ametuacha.» Nikashuka matanga. Kulikuwa na hema la plastiki, viti vya kukodi, kwaya ya mama wa kanisa, bugali na maharagi. Nyuma yangu waliketi wanaume wawili ambao nadhani hawakumjua vizuri. Mmoja akauliza: «Huyu muzee alikuwaka docteur?» Mwenzake akajibu: «Hapana, alikuwa mutu wa labo. Alikuwa anafuga mikrobe, sawa vile weye unafuga sungura.» «Mikrobe? Anazifuga juu ya nini?» «Juu ya kuzilishia bingine.» Wakacheka kidogokidogo, kwa heshima ya maiti. Sikugeuka kuwasahihisha, kwa sababu walisema kweli, ila walisema nusu. Niliporudi Butembo nikaona afadhali niandike nusu ile nyingine kwa mkono wangu, polepole, maana kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima katika darasa la mama kanisani, na kalamu bado inanichosha kuliko mwiko.

Labo ilikuwa vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa mbao za triplex, mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa huku, kule wanamwitikia pole. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya vigae vyeupe, darubini chini ya kitambaa, mizani ndogo, na dirisha linalotazama mikaratusi ya bondeni. Nyuma, nje kidogo, kulikuwa na jiko langu la mbao, na kando ya jiko stoo nilimolala. Papa Kasereka alikuwa mzee tayari, mwembamba, koti jeupe limefuliwa hadi linaonyesha shati. Pua yake haikusikia harufu tena. Dawa kali ya formol ya miaka mingi ilikuwa imeiua. Siku ya kwanza alinionyesha boîte, kopo la plastiki, yenye unga wa rangi ya majani makavu. Nilipofunua nikasikia harufu ya supu ya nyama iliyokauka, na chachu kwa mbali. «Hii ni chakula,» akasema, «lakini si yako.» Alipima kwenye mizani, akachanganya na maji, akaongeza unga wa pili, mweupe, unaotoka kwenye majani ya bahari, ule wa kugandisha. Mimi nikapika. Ikamiminwa katika sahani za kioo zenye vifuniko, ikapoa, ikawa kama jeli ya dhahabu. Nilikuwa nimepikia madereva, makarani na wezi, lakini hapo ndipo nilipoanza kupikia wasioonekana.

«Kavira,» alinieleza, «mikrobe iko sawa mutu. Bila chakula, haizae. Sasa sisi tunaipikia, inakula, inazaa, inajaa sahani yote sawa ukungu juu ya dirisha. Halafu ndiyo naleta balaji.» Walaji. Neno lao la Kifaransa ni refu, bakteriofaji, yeye alilitumia mbele ya Docteur tu. Ni vidudu vidogo kuliko mikrobe yenyewe, hata darubini yake haikuweza kuwaona. Aliona alama za meno yao tu. Ukidondosha tone la walaji juu ya ule ukungu, kesho yake kuna tundu safi, la mviringo, mahali walipokula. Walaji wake aliwakamata mwenyewe kwenye maji machafu ya mto Kimemi, chini ya soko, kabla ya vita. Walikuwa wanakula mikrobe ya kuhara damu, ile iliyokuwa ikiua watu katika miaka ile na kuzidharau dawa tulizokuwa nazo. Niliuliza kwa nini basi hawapewi wagonjwa. «Docteur anakataa, na ana haki. Haijapimwa. Iko labo kubwa inje ya inchi, bataangalia kama ni dawa ao ni sumu. Mimi kazi yangu ni moja: siku njia itafunguka, balaji bafike bazima.» Frigo ya petroli ilikuwa imezimika kwa kukosa petroli. Kwa hiyo kila wiki mbili aliwapa walaji mikrobe mpya, na mikrobe walipewa unga. Unga ukiisha, mikrobe hakuna; mikrobe hakuna, walaji wanakufa. Hata mimi nisiyesoma nilielewa mnyororo huo, ni sawa na mgahawa.

Saa sita tulikula pamoja jikoni kwangu, yeye juu ya kiti cha labo, mimi juu ya gogo. Bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, na fretin, vile visamaki vikavu, tukizipata. Aliomba sala ndefu hadi bugali inapoa, na kila mara alimaliza: «Bwana, bariki chakula hii, na ile ingine iko mu chungu.» Nilikuwa nacheka kwa ndani. Siku moja alifungua jicho moja, akanikamata. «Unacheka nini? Hawa pia ni viumbe.» «Papa, ni viumbe vinavyotuharisha damu!» «Ndiyo. Mwenye kukuharisha ndiye umujue vizuri.» Alikula polepole na alisifu kila kitu. Nataka mjue hilo. Katika mgahawa wangu wa Beni miaka mitatu, hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia sombe yangu imeiva vizuri. Walisema tu, ongeza.

Mwezi wa kumi kaka yake mkubwa alikufa Lubero. Papa akaenda kuzika, akisema siku tano. Njia ikafungwa nyuma yake, akakaa wiki sita. Kabla ya kuondoka aliniita mbele ya kabati. Boîte mbili za unga zilibaki, za mwisho. Nyingine zingetoka Kampala, na lori la kuzileta lilikuwa limesimama Kasindi bila siku. «Hii unga inaogopa kitu moja tu, maji. Unyevu ikiingia, inakuwa jiwe. Uilinde sawa mutoto.» Akanipa ufunguo. Mimi, mtu wa mlango ulioibwa, nikapewa ufunguo wa kabati. Nililala nao shingoni.

Mnaoijua Butembo mnajua mvua za mwezi wa kumi na moja. Ukuta unatoa jasho, chumvi inalia ndani ya kopo, nguo hazikauki hadi zinaota madoa. Vifuniko vya zile boîte vilikuwa vimepasuka. Juma la pili nilifungua kabati, nikakuta unga umeanza kushikamana pembeni, mabonge kama mbegu za mahindi. Nikaogopa. Nikafanya kile ambacho mama yeyote wa Bunande angefanya. Kwetu kila kinachoogopa unyevu kinapandishwa juu ya moto: chumvi, mbegu za maharagi, mahindi ya kupanda. Juu ya kila jiko kuna uchaga wa fito, na moshi unapita humo mchana na usiku, na hakuna kinachooza. Nilishona mifuko miwili ya kitambaa safi cheupe, nikamimina unga, nikaufunga, nikaupandisha uchagani. Kila asubuhi nilipanda kuupapasa. Ulikuwa mkavu, mwepesi, unateleza ndani ya kitambaa. Nilijiona mwenye akili. Siku moja kabla ya Papa kurudi, niliposikia yuko njiani, niliurudisha ndani ya boîte, nikaona rangi imekaribia chai, nikaona harufu si ile ile. Nikajiambia, chakula kikikaa kinabadilika. Ndivyo mtu anavyojidanganya, kwa maneno ya jikoni kwake.

Alirudi amekonda, viatu vimeisha, na chini ya kwapa ameleta kitenge cha kijani kutoka Lubero. Akaingiza vidole katika unga. «Aksanti sana, Kavira. Imekauka sawa muchanga. Kitenge ni yako.» Nilikivaa Jumapili.

Kisha sahani zikakataa kuota. Papa alipima, mimi nikapika, akapanda mikrobe kutoka choo cha wagonjwa, tukangoja hadi kesho, jeli ikabaki tupu, inang'aa. Akarudia. Kitu kidogo, madoa mawili matatu, kama nywele za mwenye upara. Na kila alipojaribu alifungua tube moja, kichupa chembamba cha walaji, kwa sababu siku zao zilikuwa zimepita na aliogopa kuchelewa zaidi. Akawadondosha kwenye sahani isiyo na chakula, wakapotea. Tube zilikuwa sita. Katika mwezi mmoja zikaisha tano. Hakunigombeza. Hakuuliza unga ulilala wapi. Alianza kujichunguza mwenyewe. Alisogeza mizani dirishani, akaivuta karibu na uso, akairudisha mbali. Alipima mara tatu kitu kimoja. Nilimwona akinyoosha mikono mbele yake na kuitazama kama inatetemeka. Haikuwa inatetemeka.

Jumamosi moja nilikwenda soko kutafuta nyama kidogo ya mboga. Mama mmoja alikuwa na nyama ya moshi kutoka msituni, nyeusi kama mkaa, mimi nikamwambia inaonekana ya zamani. Akakasirika: «Ya zamani? Mama, hii hata ingemaliza mwezi! Moshi imeshakataza kila kitu. Hata funza ikikuja inageuka inarudi kwao!» Wateja wakacheka. Mimi nilisimama pale na kikapu mkononi. Moshi unakataza kila kitu. Nilijua hilo tangu utoto, ndiyo sababu tunatumia moshi. Nilikuwa nimechukua chakula cha mikrobe nikakifukiza kwa kile kinachowafukuza mikrobe, wiki tano, asubuhi hadi asubuhi, kwa upendo wote.

Naandika hili bila kujipaka mafuta: nilinyamaza siku nne, Jumapili hadi Jumatano. Nilikuwa na stoo ya kulala, chakula cha mchana, na mtu mmoja duniani aliyeniita binti yangu. Nilikuwa nimeshatoka Beni mara moja mikono mitupu. Jumapili, kanisani, wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, Papa Kasereka alisimama na kofia yake mkononi. «Bandugu, naomba muniombee macho. Imeniacha, na kazi yangu inakufa juu yake.» Mchungaji akaomba. Kanisa zima likasema Amina. Na mimi, nimevaa kitenge chake cha kijani, nikasema Amina.

Jumatatu nilikuwa nafuta chupa upande wangu wa triplex, Docteur akaingia upande wa pili. Nikasikia kiti kikivutwa. «Docteur,» sauti ya Papa, «mikono yangu imekwisha. Macho nayo. Naona gramu tano, kumbe sijui ni ngapi.» «Papa, pumzika wiki moja, mbili.» «Hapana. Ijumaa jioni ukuje uchukue ufunguo ya labo. Nitashuka Beni kwa Masika, nilime muhogo kama bengine.» «Na walaji wako?» «Imebakia tube moja. Nitairudisha Kimemi kwenye niliitoa. Afadhali bafie mu mutoni kuliko mu mukono ya kipofu.» Mimi nilikuwa na neno la kuwaambia, nikaling'ata. Jumanne nikaling'ata. Jumatano nikapika sombe, akaisifu, nikaling'ata tena.

Alhamisi asubuhi niliingia labo kabla hajavaa koti. Nikaweka ile mifuko miwili ya kitambaa juu ya vigae vyeupe. Ilikuwa imekuwa rangi ya kahawa kwa moshi, na ndiyo ushahidi wangu wote. «Papa, unga wako niliupandisha juu ya moto. Wiki tano, kwenye uchaga. Niliogopa unyevu. Moshi imeingia. Ni mimi nimeua chakula yako, si macho yako. Nilijua tangu Jumamosi, nikanyamaza. Nimekwisha kufunga vitu vyangu.» Nilisema yote kwa pumzi moja, nikitazama sakafu. Akachukua mfuko mmoja, akaupeleka puani, akakumbuka pua haifanyi kazi, akaugusa kwa ulimi. Akatema. «Moshi,» akasema. «Ndiyo, Papa.» «Moshi kabisa.» «Ndiyo.» Akageuka ukutani kulikokuwa na kalenda ya duka moja la mabati. «Kavira, soma ile chini kabisa.» «Papa, mi sijuwe kusoma.» «Basi mimi nasoma.» Na kutoka pale alipoketi, hatua nne, akasoma herufi zile ndogo kama sisimizi, jina la duka, njia, namba ya sanduku la posta, moja moja kwa sauti, kama mtoto mbele ya mwalimu. Alipofika mwisho alianza tena juu. Katikati akaacha. Akatoa leso. «Kumbe ninaona,» akasema. «Binti yangu, ninaona muzuri!» Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa kofi. Kwa furaha yake sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Nilikaa chini pale pale nikalia kama niliyefiwa, na yeye akalia juu ya kiti chake, na mtu aliyeleta choo cha kupimwa alitazama mlangoni akaondoka polepole.

Kisha akafuta uso, akawa mkali. «Vitu yako irudishe stoo, hauendi fasi yoyote. Unajua kupika, ama ulinidanganya? Kabla ya unga kuja mu boîte, bazungu bazee balikuwa banapika nyama. Nitafutie moyo wa ng'ombe. Haina mafuta mingi. Na isikaribie moshi, unanisikia?» Ng'ombe katika vita ile walikuwa adimu, lakini Papa Saidi, Mwislamu wa Beni mwenye lori, yule yule aliyetuleteaga unga wa Kampala, alikuwa amekwama Butembo na jamaa zake, lori lingali Kasindi, na asubuhi hiyo walichinja kwa ajili ya mjukuu aliyezaliwa. Nilimkuta uani, mikono ya shati imekunjwa. Alikuwa mteja wangu wa zamani, meza ya dirishani. «Kavira wa Beni! Umekuja kutupikia?» «Nimekuja kuomba moyo, Papa Saidi.» «Moyo wangu, bibi zangu babili banatosha nao.» Wanawake wakapiga kelele za kicheko. «Moyo wa ng'ombe,» nikasema. «Ni ya wagonjwa?» «Ni ya mikrobe.» Akachukua kisu. «Bismillahi. Mikrobe ya Butembo inakula muzuri kuliko batoto yangu.» Akaukata mwenyewe, akaufunga katika jani la mgomba, na kipande cha nyama ya paja juu. Hakutaka kitu.

Tulikatakata ile nyama mpaka ikawa kama uji, tukailowesha katika maji baridi hadi jua lilipoegemea, nikaichemsha juu ya makaa yaliyokwisha kuacha moshi, nikaichuja mara tatu kwa kitambaa, nikaengua kila jicho la mafuta. Supu safi, ya rangi ya mkojo wa mtoto. Papa akachovya kijikaratasi chake cha kupimia. Kikawa chekundu. «Ina uchachu wa ndimu,» akasema. «Mikrobe yetu haitaikubali. Inahitaji soda, na soda ilikwisha tangu mwezi wa tisa.» Nikamwuliza soda inafanya nini. Aliponieleza, nikaona anaeleza kitu ninachokijua. Maharagi magumu tunayapikia maji ya majivu, yale yanayochujwa mpaka yanateleza kati ya vidole, yanauma ulimi kwa upande wa pili, si upande wa ndimu. Nikaogopa kusema. Nikasema. Akanitazama. «Majivu. Juzi moshi, leo majivu. Kesho utaniletea na moto yenyewe?» «Papa, jaribu tone moja.» Tukajaribu tone, tukajaribu la pili, karatasi ikaacha wekundu. Kwenye la saba ikaingia bluu kidogo, kama jioni ya Lubero. Papa akainua mkono: simama. Kisha aliandika kwenye daftari lake, na nilimwomba anisomee. Aliandika: maji ya majivu, matone saba, ya Kavira.

Ijumaa asubuhi niliipika supu katika chungu cha mvuke, nikakifungua, nikaweka supu kando ipoe, chupa moja kubwa, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikakuta askari mmoja jikoni kwangu, bunduki mgongoni, ameinamisha chupa mdomoni. Walipitaga mara kwa mara kutafuta alkoli ya labo. Akaishusha, akakunja uso. «Mama, supu oyo mungwa eza te!» Chumvi haina, alisema, kwa uchungu kabisa, kama mtu aliyelipa. Hofu yangu ikageuka hasira, na hasira yangu ni kubwa kuliko mimi. «Haina chumvi juu haikupikwa kwa ajili yako! Hiyo ni ya kuotesha ugonjwa wa kuhara damu!» Alitupa macho kwenye chupa, kwangu, kwenye koti jeupe la Papa lililokuwa limetokea mlangoni. «Ni kweli?» Papa akaitikia kwa kichwa taratibu, bila kusema uongo hata mmoja. Yule kijana alitoka mbio, tukamsikia akitapika nyuma ya mikaratusi. Masikini, haikuwa na kitu bado. Lakini alikuwa ametuachia chini kabisa, supu ya tube mbili tu. Nikaichemsha tena.

Tube mbili. Papa alipanda mikrobe katika zote mbili saa tatu asubuhi. Kifaa cha joto hakikuwa na petroli, kwa hiyo tulizisimamisha katika sufuria ya maji ya vuguvugu, nami nikapewa kazi ya kuyaweka joto moja, joto la mwili wa mtu. Kipimajoto kilikuwepo, lakini mimi nilitumia kiwiko, kama maji ya kuogeshea mtoto mchanga, na kila Papa alipohakikisha kwa kipimajoto, kiwiko kilikuwa na haki. Saa saba tube zote mbili zilikuwa na mawingu. Mikrobe walikuwa wamekula supu yangu wakazaa. Sikuwahi kufurahia wageni kiasi kile. Hapo Papa akafungua tube ya mwisho ya walaji, wale waliokaa wiki kumi bila kitu. Akanong'ona jambo, nadhani ile sala yake. Akawadondosha katika tube ya kushoto. Ya kulia akaiacha, iwe shahidi.

Tuliketi. Hatukula. Alinihadithia vile alivyoosha chupa miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kugusa darubini, na vile mzee aliyemfundisha alikuwa akimpiga kwa rula kila tone lililomwagika. «Kwa hiyo niliapa sitapiga mutu juu ya kosa ya kazi. Mutu anayekosa kwa kulinda, anakosa tofauti.» Saa tisa zote mbili zilikuwa maziwa matupu. Saa tisa na nusu vilevile. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Akainama mbele, mikono juu ya magoti. «Inaanza.» Nilitazama, nikaona mawingu. «Papa, sioni.» «Upande wa juu. Angalia karibu ya ukingo.» Sikuona kitu, naapa, na macho yangu yalikuwa ya miaka ishirini na nane. Ni yeye aliyeona kwanza, yule mzee aliyeombewa na kanisa zima. Muda kidogo baadaye nami nikaona: wingu la kushoto lilikuwa linapungua kutoka juu, kama ukungu wa bondeni saa nne asubuhi, na saa kumi na moja, mwanga ungali dirishani, tube ya kushoto ilikuwa maji safi, unaweza kusoma kalenda nyuma yake, na ya kulia ilibaki maziwa. Walikuwa hai.

Docteur alikuja kuchukua ufunguo, kama walivyopatana. Papa alikuwa ameshika tube dirishani na hakugeuka. «Ufunguo iko mu mufuko yangu, Docteur. Acha ikae tu.»

Ulikaa mfukoni humo miaka tisa zaidi. Njia ilipofunguka, walaji walisafiri katika thermos pamoja na mchungaji mmoja aliyekuwa anavuka mpaka, na baada ya miezi barua ya mistari mitatu ikarudi: wamefika wazima. Zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu, na Papa hakudai zaidi. Alikuwa ameahidi kuwafikisha tu. Mimi nilipika supu ile miaka sita, ya unga tulipokuwa na unga, ya moyo na majivu tulipokosa. Watu wananiuliza, Mama Kavira, wewe usiye na diploma ulitoa wapi ujasiri wa kufungua biashara mara ya pili? Hawaniamini nikiwaambia ni kwa sababu ya mzee aliyefurahi siku nilipomwambia nimemharibia. Kule matangani nilitaka kusimama niseme hivyo, mbele ya hema lote. Kwaya ikaanza kuimba, zamu ikapita.

Basi leo nina hivi. Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati jipya. Mgahawa wa meza kumi na mbili, na wapishi wanne ambao wakiunguza kitu wanakuja kuniambia wenyewe. Frigo mbili za jua. Shamba la mikaratusi njia ya Lubero. Mbuzi sita, mmoja ana mimba. Kitenge kimoja cha kijani, kimechakaa, hakivaliwi. Na mdomo ambao, tangu Alhamisi ile, haujangoja tena siku nne.